Mchoro Wako Umekosolewa? Usinune!

Mhusika wa gemu anaweza kuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini akawanunisha wapenzi wiki nzima. Mwezi huu tunazungumzia sanaa ya pikseli: namna ya kuonyesha kazi yako, kukosolewa, kurudia, na bado mkaendelea kupendana.

Msomaji, hebu tuseme ukweli. Umekaa siku tatu unachora. Kijiweni hujaonekana, meseji hujibu, macho yamekuwa mekundu kama umeyapaka pilipili. Mwisho wa yote unamwita mtu unayemzimikia kuliko wote duniani, unamshikisha simu: "Vipi, unamwonaje?" Anatazama. Anaigeuza simu. Anasema, "Nzuri." Kisha anauliza kama kuna chakula kimebaki.

Sasa mwite mdogo wako wa darasa la nne. Huyo hajui kuzunguka. Sekunde mbili tu: "Huyu ni kuku?"

Kati ya hao wawili, nani amekusaidia? Moyo unataka kumkumbatia wa kwanza na kumzaba kofi wa pili. Lakini kama kweli unataka mhusika wako atambulike na watu wasiokujua, huyo wa darasa la nne ndiye wa kununuliwa soda.

Makala hii inawahusu hasa vijana wanaochora wahusika wa gemu. Lakini kama wewe unashona, unasuka nywele, unaimba kwaya au unaandika mashairi ya mapenzi, usifunge ukurasa. Na wewe umo.

KWANI PIKSELI NI NINI?

Picha yoyote unayoiona kwenye skrini imejengwa kwa vitone vidogo vya mraba. Kila kitone ni pikseli moja. Kwenye simu za leo vitone hivyo ni vidogo mno, jicho halivioni. Ila waliowahi kumiliki Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, wanajua tunachosema. Skrini yake ilikuwa na vitone 84 kwa upana na 48 kwa kimo, basi! Humo humo ndimo tulimocheza gemu ya nyoka mpaka chaji ikakata, na humo humo ndimo tulimotumiwa picha za maua na wapenzi wetu.

Sanaa ya pikseli ni kuchora kwa kupanga vitone hivyo kimoja kimoja, kwa makusudi. Picha ya mhusika anayetembea ndani ya gemu inaitwa spraiti. Spraiti nyingi huchorwa ndani ya mraba wa vitone 16 kwa 16. Piga hesabu: hivyo ni vitone 256 tu kumchora mtu mzima, kuanzia nywele mpaka viatu.

Na usidhani ni mchezo wa watoto. Vile vikatuni vya emoji unavyomtumia mwenzako kila siku vina babu yao Japani. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alichora alama 176 kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo, kila moja ndani ya vitone 12 kwa 12. Moyo nao ulikuwemo. Mwaka 2016 jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, lilizichukua alama hizo na kuziweka kwenye hazina yake. Vitone 144 tu, mpaka makumbusho!

Mama zetu wanaosuka mikeka na vikapu wanaijua shughuli hii tangu zamani. Ukikosea kuhesabu unyuzi mmoja, ua linapinda, na jirani wa kwanza kupita atakuambia. Kwenye pikseli ni vivyo hivyo. Jicho la mhusika ni kitone kimoja. Kishushe ngazi moja, na yule aliyekuwa anatabasamu anaonekana amefiwa.

Tatizo ni kwamba wewe mchoraji hulioni hilo. Unajua ulitaka kuchora nini, kwa hiyo ukitazama unaona ulichotaka. Mwenzako hajui nia yako, anaona kilichopo. Ndiyo maana kazi hii haikamiliki bila macho ya mtu mwingine.

SHARUBU ZA MARIO ZILITOKA WAPI?

Wengi mnamjua Mario, yule fundi mnene mwenye kofia nyekundu. Alizaliwa mwaka 1981 kwenye gemu ya Donkey Kong, na kwanza aliitwa Jumpman. Aliyembuni ni Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Sasa angalia sura yake halafu ujiulize: kwa nini kofia, sharubu na ovaroli?

Majibu yote yako kwenye vitone. Nywele zilisumbua kuchora, hasa mtu akiruka au kuanguka, basi akavishwa kofia. Mdomo haukuweza kuonekana vizuri kwenye nafasi ndogo vile, basi akawekewa sharubu chini ya pua kubwa. Mikono ilikuwa inapotelea mwilini anapokimbia, basi ovaroli ikawa na rangi tofauti na mikono. Kila kitu tunachokipenda kwa Mario kilianza kama jibu la swali moja: "Hapa pana nini? Mbona haionekani?"

Miaka minne baadaye, kwenye Super Mario Bros., wachoraji walibanwa zaidi. Mhusika aliruhusiwa rangi tatu tu. Wakati mwingine walitumia umbo lile lile mara mbili: mawingu ya angani na vichaka vya chini kwenye gemu hiyo ni mchoro mmoja, tofauti ni rangi. Hebu kaitazame tena.

TUINGIE MABIRA

Sasa tulete mambo nyumbani. Mabira ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ndiyo maana mpaka leo ukimuuliza mtu wa huko anatoka wapi, anaweza kukujibu "Karagwe" bila kufikiri mara mbili. Ni nchi ya migomba, kahawa na maharage, na msimu wa senene ukifika hakuna anayebaki ndani.

Tuchukue mfano wa kutunga. Tuseme wewe ni binti wa Mabira, una simu na hamu ya kutengeneza gemu. Mhusika wako mkuu ni mama anayetoka kibanjani na mkungu wa ndizi kichwani. Wazo bomba kabisa! Twende hatua kwa hatua.

Toleo la kwanza. Umeweka kila kitu: macho, nyusi, pua, midomo, hereni, kanga yenye maua, vidole vitano. Rangi kumi na nne. Mdogo wako anasema ni kuku. Unakasirika, lakini kabla ya kununa fanya jaribio moja rahisi: paka mchoro wote rangi nyeusi, ubaki kivuli kitupu. Je, kivuli hicho kinasema "mama mwenye mkungu"? Kama kinaonekana kama gunia, basi dogo hakukosea. Umbo la nje ndilo linalosomwa kwanza, na hereni haziwezi kuliokoa.

Toleo la pili. Umeongeza kimo: vitone 16 kwa upana, 24 kwa kimo. Unavigawa kama mtu anayegawa shamba. Mkungu safu 5, ngata safu 1, kichwa safu 7, mwili safu 7, miguu safu 4. Kichwa ni kikubwa kuliko cha mtu halisi, na ndivyo inavyotakiwa, maana uso ndio unaobeba hisia. Unamwonyesha shangazi. Anavaa miwani, anatazama, anacheka: "Mwanangu, huyu dada nywele zake mbona za kijani?"

Mkungu wako umesomeka kama afro! Kosa liko wapi? Umeuchora mviringo, umekaa sawasawa na kichwa, bila mpaka. Dawa yake: ulaze mkungu ubavu, utokeze kushoto na kulia kuliko mabega. Mkonyo uchomoze upande mmoja. Ile safu ya ngata ipe rangi ya kahawia inayoonekana, itenganishe nywele na ndizi. Kingo za chini za mkungu zifanye meno meno, ziwe ncha za ndizi. Vitone kama kumi tu vimehama, na nywele zimegeuka kuwa chakula.

Toleo la tatu. Shangazi sasa anaona ndizi. Lakini unamweka mama yako mbele ya shamba, na mkungu unayeyuka! Kijani juu ya kijani. Yeyote aliyewahi kumtafuta senene wa kijani kwenye majani anaijua taabu hiyo. Jaribio la kufanya: igeuze picha yote iwe nyeusi na nyeupe. Kama mkungu na migomba vimekuwa kijivu kimoja, kubadilisha aina ya kijani hakutasaidia. Fanya migomba ya nyuma iwe hafifu, mkungu uwe na mwanga juu na giza chini. Tofauti ya mwanga na giza ndiyo inayomtoa mhusika mbele.

Hapo hapo, punguza rangi. Rangi sita au saba zinatosha kabisa. Na yale maua ya kanga, pole sana, yanaonekana kama upele. Yafute yote. Weka mstari mmoja tu wa rangi tofauti chini, uwe pindo. Kila mwanamke wa nchi hii akiona pindo atajua ni kanga.

Toleo la nne. Sasa unafikia usafi wa mistari na kivuli. Wachoraji wengi wapya huweka giza kuzunguka kingo zote na mwanga katikati. Matokeo yake mhusika anavimba kama mto wa kulalia. Amua jua linatoka wapi, tuseme juu kushoto, kisha giza lote liwe chini na kulia. Basi.

Halafu kagua ngazi za mistari yako. Mkono uliokunjwa ukipanda kwa vitone 3, kisha 1, kisha 4, kisha 1, jicho linajikwaa kama baiskeli kwenye makorongo. Ukienda 1, 2, 3, 4, mpindo unateleza. Ukienda 2, 2, 2, mwinuko unanyooka. Huu ndio ukaguzi ambao hata mwenzako asiyechora anaweza kukufanyia. Mwambie tu: "Nionyeshe mahali jicho lako linapogota."

MBEBA MKUNGU NDIYE MWALIMU

Toleo la tano ni la kutembea, na hapa ndipo panapohitaji unyenyekevu. Wachoraji wa spraiti wana ujanja wao maarufu: fremu nne za miguu, na katikati ya hatua kichwa kinapanda kitone kimoja kisha kinashuka. Mhusika anaonekana ana uhai, anadunda. Washikaji wako wa gemu watalifagilia: "Hapo sawa!"

Sasa mwonyeshe mama wa jirani ambaye amebeba mikungu tangu usichana wake. Atatingisha kichwa. "Huyu ataangusha ndizi zake."

Na ana haki. Tupige hesabu. Ukiondoa mkungu na ngata, mama yako wa kwenye skrini ana vitone 18 vya kimo. Kama mtu halisi ana sentimita 160 hivi, kitone kimoja ni karibu sentimita 9. Kichwa kinachoruka sentimita 9 kila hatua hakibebi kitu. Mtu mwenye mzigo kichwani anatuliza shingo, kichwa kinaenda kama kinaelea, na mwendo wote unahamia kiunoni, kwenye magoti na kwenye mkono ulio huru. Kwa hiyo acha kichwa kikae pale pale kwenye fremu zote nne. Pindo la kanga liyumbe kitone kimoja kushoto, kimoja kulia. Mkono upishane na miguu. Ghafla huyo mama ana uzito, ana nidhamu, ana heshima yake.

Hakuna fundi wa kompyuta ambaye angekuambia hilo. Amekuambia mtu ambaye pengine hajawahi kushika gemu maishani. Wengi wetu tunatafuta maoni kwa wachoraji wenzetu peke yao, na hilo ni kosa. Ukichora mvuvi, mwonyeshe mvuvi. Ukichora dereva wa bodaboda, kaa naye kijiweni. Mama anayejiona kwenye skrini yako akiwa amekosewa mwendo ana kila sababu ya kusema. Ni mwili wake huo.

NG'OMBE WA IKULU YA KARAGWE

Kama unadhani sanaa ya kufupisha umbo imeletwa na kompyuta, rudi kwenye historia ya pale pale. Karagwe ilikuwa na ufalme, na mji wake mkuu ulikuwa Bweranyange. Mfalme Rumanyika aliwapokea wasafiri Speke na Grant mwaka 1861, na Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme. Ndani yake kulikuwa na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa madini.

Mafundi wale walikuwa wanachora ng'ombe wa pembe ndefu, aina ya Ankole, ambao wanafugwa ukanda huo mpaka leo. Waliufanya mwili kuwa mwembamba na mfupi, wakaacha pembe zitawale. Hawakuhesabu manyoya wala kwato. Walijua kwamba mtu akiona pembe, ameshaona ng'ombe mzima. Ukitaka kuweka ng'ombe wa Karagwe kwenye gemu yako ndani ya vitone 16, somo unalo: pembe zipe nusu ya kimo, mwili utajipanga kwenye kinachobaki.

KUKOSOA NI KIMOJA, KUPONDA NI KINGINE

Sasa tuje kwenye mambo yetu ya mahusiano, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Turudi kwa yule mpenzi aliyesema "nzuri." Huenda hajali, ndiyo. Lakini mara nyingi anaogopa. Alishakuambia ukweli siku moja, ukanuna wiki mbili. Akajifunza. Tangu siku hiyo kila kitu chako ni nzuri: mchoro mzuri, nywele nzuri, mpango wa biashara mzuri. Sasa fikiria. Mtu aliyejifunza kukuficha ukweli kuhusu mchoro wa vitone 256, atakuambia siku fedha za nyumba zikipungua? Atakuambia akiona uvimbe mgongoni mwako? Ukimwadhibu mwenzako kwa kusema ukweli mdogo, ukweli mkubwa hutausikia kwake. Utausikia kwa majirani.

Upande wa pili nao una dhambi zake. Kuna wanaoponda halafu wanajiita wakweli. "Hujui kuchora." "Acha tu, nenda kalime." Hayo si maoni, ni matusi yaliyovaa tai. Maoni ya kweli yanazungumzia mchoro na yanataja mahali: "Mkono wa kulia naona kama fimbo." "Nimemtambua baada ya sekunde tano." Mtu akikuambia hivyo unajua pa kuanzia. Akikuambia "hovyo," hujui ushike wapi.

Na jamani, mahali pia ni jambo. Ukimkosoa mwenzako mbele ya washikaji zake, hata kama una haki, atasikia aibu kabla hajasikia hoja. Mvute pembeni. Kwa dada zetu wanaojaribu fani hizi huku wakiambiwa ni za wanaume, hili lina uzito mara mbili. Neno moja la kejeli mbele za watu linatosha kumfanya afute kazi ya mwezi mzima.

Tukupe mfano wa kukutia mzuka. Kuna gemu ya kilimo inaitwa Stardew Valley, ilitoka mwaka 2016. Aliyeitengeneza ni kijana mmoja wa Marekani, Eric Barone, peke yake: michoro, muziki, hadithi, kila kitu. Ilimchukua zaidi ya miaka minne. Sura za wahusika wake alizichora, akazifuta, akazichora upya mara nyingi, na ukiweka za mwanzo kando ya za mwisho huamini ni mkono mmoja. Katika kipindi hicho alikuwa na kibarua kwenye ukumbi wa maonyesho, na mpenzi wake ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za nyumbani. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 gemu hiyo ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Siyo kila anayerudia mchoro atauza milioni 40, tusidanganyane. Lakini nyuma ya kazi iliyorudiwa mara nyingi huwa kuna mtu aliyevumilia mrudiaji.

Hapa kwetu, shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013 na linalotengeneza katuni za Ubongo Kids na Akili and Me, lina desturi ya kuwapelekea watoto kazi zake na kuona wanavyozipokea. Mtoto hasemi "nzuri" kwa adabu. Akichoka anageuka na kucheza na kandambili zake, na hayo ndiyo maoni.

MASWALI 6 YA KUMUULIZA MTU

Usiulize "Ni nzuri?" Swali hilo linaomba sifa, na utapewa. Jaribu haya:

1. Huyu ni nani, na anafanya nini? (Usimwambie kwanza!)
2. Umetazama wapi kabla ya kwingine?
3. Kuna sehemu huelewi ni kitu gani?
4. Unadhani ana furaha, amechoka au amekasirika?
5. Ukimweka mbali, urefu wa mkono, bado unamtambua?
6. Ukipewa ruhusa ya kufuta kitu kimoja, utafuta kipi?

Akishaanza kujibu, funga mdomo. Hesabu mpaka sitini kama ni lazima. Ukijikuta unasema "unajua hapo nilitaka...", jua kwamba mchoro umeshindwa kusema wenyewe, na mchezaji wa gemu hatakuwa na wewe pembeni umweleze.

Chagua na wakati. Mama anapuliza moto jikoni, moshi umemjaa machoni, wewe unamletea simu? Utapata jibu unalostahili.

SIYO KILA USHAURI NI DAWA

Sasa usije ukageuka bendera. Ukiwaonyesha watu watano utapata ushauri wa aina tano, na ukiufuata wote mama yako wa Mabira ataishia na miwani, baiskeli na mabawa.

Njia ni hii: tenganisha malalamiko na tiba. Mtu akisema "hapa pana kasoro," msikilize, maana macho yake hayana sababu ya kudanganya. Akisema "weka rangi ya zambarau," hiyo ni tiba yake, na siyo lazima uimeze. Shangazi alisema nywele ni za kijani. Angeweza kukushauri uzipake nyeusi! Malalamiko yake yalikuwa sahihi kabisa, dawa ukaitafuta mwenyewe kwenye ngata na mkonyo.

Watu watatu wakigota mahali pamoja, rekebisha bila kubisha. Mmoja akigota peke yake, andika pembeni, subiri. Na rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimeponya.

Pia, tunza kila toleo. Usifute la zamani. Lipe namba na uliweke. Siku ukikata tamaa, fungua la kwanza na la tano uyaweke bega kwa bega. Hakuna sifa ya mtu itakayokupa nguvu kuliko hiyo. Na kuna siku toleo la tatu litakuwa na kitu ulichokipoteza kwenye la tano, utashukuru ulilihifadhi.

NAANZA NA NINI?

Huhitaji kompyuta ya mamilioni. Programu za Piskel na LibreSprite ni za bure, na kwenye simu kuna Pixel Studio. Kidole kinatosha.

Simu haina chaji? Chukua karatasi ya grafu au daftari la hesabu lenye vyumba vya mraba, na penseli. Susan Kare, mwanamke aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianzia kwenye karatasi ya vyumba kama hiyo. Chumba kimoja, kitone kimoja. Faida ya karatasi ni kwamba inazunguka: inapita kwa bibi, inapita kwa mdogo wako, inapita kwa mama wa jirani, na kila mmoja anaweza kuweka kidole mahali panapomkera.

Anza na vitone 16 kwa 16 na rangi nne. Mchore mtu unayemwona kila siku. Usimwambie mtu yeyote ni nani. Kisha mpelekee yule ambaye unaogopa kabisa maoni yake, umwombe akae, umuulize swali la kwanza.

Akisema ni kuku, mshukuru. Halafu rudi ukachore. Kazi kwako!